Mng'ao Ulioishia Mombasa

Mpenzi msomaji, je, umewahi kusafiri kutoka Nairobi hadi Mombasa bila kuwatazama ndovu wa Tsavo wala mibuyu ya Kibwezi, macho yako yote yakiwa kwenye boneti ya gari lako? Mimi nimewahi. Na kama utanivumilia Jumapili hii ya leo, nitakusimulia yaliyonipata, maana huenda nawe una gari, au unatarajia kulinunua, au u mwanafunzi ambaye siku moja baba atakwambia, "Ingia ndani, twende tukaliuze."

Hivyo ndivyo nilivyomwambia binti yangu. Alikuwa amepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Pwani, kule Kilifi. Furaha ilikuwa kubwa nyumbani Buruburu, lakini ulipofika wakati wa kuhesabu karo, malazi, godoro na nauli, furaha ile ilianza kukuna kichwa. Mali pekee niliyokuwa nayo ya kuuzika upesi ilikuwa Toyota ndogo ya buluu iliyokolea, niliyoinunua mwaka 2015 ikiwa imetoka Japani na kushukia bandari ya Kilindini. Mzee mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, mstaafu wa bandarini, alikuwa amesikia habari zake kwa rafiki yangu. Akasema ikiwa gari li zima kama lilivyoelezwa, atalichukua kwa fedha taslimu.

Kama lilivyoelezwa! Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki. Miaka mitatu kabla ya hapo matatu ilikuwa imeukwaruza na kuubonyeza mlango wa nyuma wa kushoto. Fundi akaunyoosha, akaujaza fila, akapuliza rangi. Binti yangu alikuwa ndani ya gari siku ile. Katika maelezo yangu kwa mzee wa Mombasa, mlango huo sikuutaja.

Badala ya kuutaja, nilifanya kile ambacho wengi wetu hufanya. Nilitafuta mng'ao.

KAMA JANI LA NDUMA

Siku mbili kabla ya safari nililipeleka gari kwa kijana mmoja jijini aliyekuwa akitangaza kwamba anapaka magari "seramiki", dawa ambayo, kwa maneno yake, ingeifanya rangi kuwa ngumu kama jiwe na kudumu miaka mitano. Alinitoza shilingi 35,000. Kwa muda wa saa mbili tu alipitisha mashine ya kung'arisha, akapaka kitu kutoka chupa ndogo, akakifuta. Kisha akanimwagia maji juu ya boneti.

Msomaji, maji yale yalijikusanya vidonge vidonge, yakaviringika na kuanguka, kama umande juu ya jani la nduma. Mikwaruzo yote ilikuwa imetoweka. Mlango uliogongwa uling'aa kama ndugu zake. Niliondoka pale nikiwa nimevimba kichwa.

Kabla sijaendelea, hebu tuelewane kuhusu rangi ya gari ni kitu gani, kwa sababu wengi wetu tunaiosha, tunaisugua na kuilipia bila kuijua.

Gari linapotengenezwa kiwandani, bati lake hutumbukizwa kwanza katika dawa ya kuzuia kutu. Kisha hupakwa rangi ya msingi, halafu rangi yenyewe unayoiona, iwe nyeupe, nyekundu au buluu. Juu kabisa huwekwa tabaka lisilo na rangi, linaloona kama kioo. Mafundi wetu huliita "klia". Mng'ao wote wa gari uko hapo, na kinga yote dhidi ya jua na mvua iko hapo pia.

Sasa chukua karatasi moja ya daftari la mtoto uishike kwa vidole viwili. Unene wake ni takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Rangi yote ya kiwandani, tangu bati hadi juu, ina unene wa kiasi cha karatasi moja au moja na nusu. Ile klia peke yake ni kama nusu ya karatasi. Basi kila unapopitisha mashine ya kung'arisha, unaipunguza nusu hiyo. Ukiifanyisha kazi hiyo mara nyingi, au fundi akiwa na mkono mzito, klia inaisha, na hakuna chupa duniani itakayoirudisha. Hapo ndipo utaona boneti zile zinazobambuka magamba meupe, kama mgongo wa mtu aliyeungua jua.

MLOLONGO HADI MAKINDU

Tuliondoka Jumatano moja ya Agosti, saa kumi na moja alfajiri. Juu yetu zilikuwa nguzo za ile barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa mwaka 2022, ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Sisi tulipita chini, kwa kubana matumizi. Karibu na uwanja wa Nyayo wale korongo wakubwa wenye vipara walikuwa wamelala juu ya migunga yao. Yeyote aliyewahi kuegesha gari chini ya miti ile anajua sadaka wanayotoa. Kinyesi cha ndege kina asidi. Kikiachwa juani, joto huifanya klia ilainike na kutanuka, nayo asidi huzama ndani. Jioni ukiosha, uchafu hutoka lakini alama hubaki, kama mtu aliyebonyeza kidole kwenye nta.

Nairobi yenyewe, ijapokuwa na baridi, si rafiki wa rangi. Mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na karibu na ikweta. Kadiri unavyopanda juu ndivyo miale ile ya jua isiyoonekana, inayounguza ngozi, inavyozidi kuwa kali. Huongezeka kwa takriban asilimia kumi kwa kila mita 1,000. Miale hiyohiyo ndiyo inayoivunjavunja klia polepole. Usidanganywe na upepo wa baridi.

Tulipofika Athi River kulikuwa kunapambazuka. Eneo lile lina viwanda vya saruji, na vumbi lake si kama vumbi lingine. Likitua juu ya gari usiku na kukutana na umande, huganda. Ukilisugua likiwa kavu, umepiga msasa. Wakazi wa Mlolongo na Kitengela wanajua ninachosema. Dawa ni maji mengi kwanza, kabla kitambaa hakijagusa bati.

Baada ya Salama malori yakaanza kuwa mengi. Barabara hii, msomaji, ndiyo koo la Kenya na la majirani zetu. Kontena za Uganda, Rwanda na Kongo hupita hapa usiku na mchana. Na kila lori linalokutangulia huokota kokoto kwa magurudumu yake na kukurushia. Tulipokuwa nyuma ya trela moja karibu na Sultan Hamud, nilisikia "ta!" kwenye boneti. Kisha "ta! ta!" Moyo wangu ukawa unahesabu.

Binti yangu akacheka. "Baba, si ulisema limepakwa jiwe?"

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri. Dawa ya seramiki, hata ile ya kweli, huwa na unene wa mikroni moja au mbili. Ile karatasi tuliyoishika ina mikroni 100. Maana yake ni kwamba ukiipasua karatasi mapande hamsini kwa unene wake, pande moja ndiyo seramiki yako. Itazuiaje kokoto iliyorushwa na lori la tani nyingi? Na ile "9H" inayoandikwa kwenye chupa kuonyesha ugumu, si ugumu wa mawe hata kidogo. Ni kipimo cha penseli. Maana yake ni kwamba penseli ngumu sana ya kuchorea haikuikwaruza. Kokoto za Sultan Hamud hazijawahi kuwa penseli.

Makindu tulisimama kwenye hekalu la Singasinga, lililojengwa mwaka 1926 wakati wa reli ya zamani, ambako hadi leo msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bila kulipa. Tulivua viatu, tukafunika vichwa, tukala chapati, dengu na chai ya maziwa. Ni mahali ambapo mtu hujikuta akinena taratibu.

Binti yangu akaniuliza, "Baba, yule mzee utamwambia kuhusu mlango?"

"Akiuliza," nikajibu.

Hakusema neno. Aliosha sahani yake, akaiweka mahali pake, akatoka nje.

VUMBI JEKUNDU, UPEPO WA CHUMVI

Kutoka Kibwezi mibuyu huanza kusimama kando ya barabara kama wazee wa baraza. Upande wa kulia vilima vya Chyulu vilikuwa vya kijani. Mtito Andei, ambako ndiko karibu nusu ya safari ya kilomita 480 hivi, mchanga huwa mwekundu, na ndovu wa Tsavo nao ni wekundu kwa kujipaka mchanga huo. Ndovu ana akili: hujipaka tope ili jua na wadudu wasimsumbue ngozi. Hiyo ndiyo "seramiki" yake, naye huipaka upya karibu kila siku.

Wadudu hawakutusaza. Bampa na vioo vya pembeni vilijaa panzi na vipepeo waliopondeka. Maji ya miili yao nayo huila rangi yakikaukia juani. Tulipita Voi, tukapita Maungu, tukapita Mackinnon Road na msikiti wake unaojulikana na kila dereva. Mariakani minazi ikatupokea. Nikafungua dirisha, na ile harufu ya bahari ambayo mtu wa bara huisikia kabla hajaiona ikaingia ndani.

Harufu hiyo, msomaji, huja pamoja na chumvi. Agosti ni msimu wa kusi, na upepo huo unapovuma kutoka baharini hubeba matone madogo madogo yasiyoonekana. Yanatua kwenye mabati, kwenye misumari ya dirisha, na kwenye magari. Chumvi huvuta unyevu wa hewa na kuushikilia, na bati lenye chumvi na unyevu hushika kutu mbio kuliko lile lililonyeshewa mvua tupu. Mahali penye klia nzima, chumvi huoshwa ikaenda. Lakini mahali palipopasuliwa na kokoto, hata kitobo kama cha ncha ya sindano, chumvi huingia na kuanza kazi. Kutu ya pwani huanza na kitobo na kumalizika na tundu. Ndiyo maana gari la umri mmoja likikaa Nakuru na jingine likikaa Mombasa, huwezi kuyaita pacha.

Tulilala kwa shangazi yangu Changamwe. Asubuhi ya Alhamisi, baada ya mahamri na mbaazi, tulilipeleka gari kwa waosha magari ili likutane na mnunuzi likiwa limetakata. Kijana alilimwagia maji, akalipaka sabuni, akaliosha vizuri, akalisogeza juani kukauka.

Nusura nikae chini. Boneti ilikuwa imejaa mikwaruzo myembamba ya duara, kama utando wa buibui, kila mahali jua lilipogonga. Ile mikwaruzo ya zamani ilikuwa imerudi yote, na mipya iliyoachwa na mashine juu yake. Maji nayo hayakuviringika tena. Yalitanda na kulala tu, kama kwenye jani la mgomba lililokauka.

"Ulipakwa mafuta ya kujaza mikwaruzo, bosi," kijana yule akaniambia kwa upole. "Yakioshwa mara moja au mbili kwa sabuni, yanaondoka. Seramiki ya kweli haiondoki kwa sabuni. Na haipakwi kwa saa mbili. Gari huoshwa, husafishwa vijiuchafu vilivyoganda, hung'arishwa polepole, ndipo hupakwa, kisha hulazwa ndani likauke bila kuguswa na maji."

Shilingi 35,000 zilikuwa zimeteremka kwenye mtaro wa Changamwe mbele ya macho yangu.

SUMAKU

Mzee alikuwa akitungoja karibu na Fort Jesus, ngome ile iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593. Alivaa kanzu na kofia ya kito, mkononi ana bakora. Tukaamkuana kwa muda mrefu, kama ilivyo desturi ya Mji wa Kale.

"Msalkheri, baba," nilisema, kwa kuwa adhuhuri ilikuwa imekwisha kupita.

"Akheri, mwanangu. Poleni na safari. Na huyu ndiye msomi wetu?" Akamgeukia binti yangu. "Karibu Pwani, binti. Huku utasoma, na samaki utakula."

Tulikunywa kahawa chungu kwanza. Kisha akalizunguka gari mara moja, bila kusema kitu. Akainama kutazama boneti. Akagusa vile vitobo vya kokoto kwa ukucha, kimoja kimoja. Halafu akatoa leso mfukoni, na ndani ya leso mlikuwa na sumaku ndogo.

"Gari hili limepata kugongwa?" aliuliza huku akiiweka sumaku, ikiwa ndani ya leso, kwenye mlango wa mbele. Ikashika.

Sikujibu mara moja. Nilikuwa na jibu nililolitayarisha tangu Nairobi, jibu la maneno mengi lisilosema lolote. Nikainua macho, nikakutana na macho ya binti yangu. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananitazama tu, kama mtu anayengoja kujua jambo.

Mzee akaihamisha sumaku hadi mlango wa nyuma wa kushoto. Akaiachilia. Ikaanguka chini.

Akaiokota, akaipangusa. "Mlango huu," akasema taratibu, "si wa mama mmoja na wenzake."

Basi nikasema. Nilimweleza matatu, fila, rangi, na hata yule kijana wa Nairobi na chupa yake. Nilimwambia nilinuia asijue. Jasho lilinitoka, wala si kwa sababu ya joto la Mombasa.

Mzee alikaa kimya. Kisha akatucheka kidogo, kicheko kisicho na ubaya. "Ungeniambia kwa simu, ningekuja nimejiandaa kununua gari lenye mlango mgonjwa. Injini yako ni nzima, nimeisikia ikija. Sasa itabidi nipunguze kwa sababu ya mlango, na nipunguze kidogo kwa sababu ya ulimi."

Alipunguza shilingi 60,000. Sikubishana. Baadaye tulihamisha umiliki kwa mtandao wa serikali, akalipa, akamshika binti yangu mkono na kumtakia heri.

DEHENI NA SIFA

Lakini kabla hatujaagana, alituchukua kutembea hadi Bandari ya Kale. Jahazi moja lilikuwa limefungwa pale, mbao zake zikiwa nyeusi kwa mafuta. Alitueleza kwamba tangu jadi watu wa mwambao walikinga vyombo vyao kwa vitu viwili. Sehemu inayokaa chini ya maji ilipakwa deheni, yaani chokaa iliyosukwa na mafuta mazito, ili wadudu wa baharini wasiitoboe mbao. Sehemu ya juu ilipakwa sifa, mafuta ya ini la papa, ili jua na chumvi visiipasue. Harufu yake, alisema, humfukuza hata mwizi.

"Na vilipakwa kila baada ya miezi," akaendelea. "Chombo kilipandishwa pwani maji yakikupwa, kikakwanguliwa, kikapakwa tena. Hakuna nahodha aliyepaka mara moja akasema basi. Wala hakuna aliyepaka deheni juu ya ubao uliooza, kwa sababu bahari haina adabu; itakuumbua mbele ya abiria."

Nilimwelewa.

BASI UFANYEJE?

Msomaji wangu, nisikuache mikono mitupu. Baada ya safari ile nimewauliza mafundi wengi, wa Barabara ya Kirinyaga ambayo wazee bado huiita Grogan, na wa Viwandani. Haya ndiyo niliyoyapata, kuanzia lisilogharimu chochote.

Kwanza ni kuosha. Anza kwa maji matupu kuondoa vumbi. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, usije ukarudisha mchanga kwenye rangi. Sabuni ya unga ya kufulia nguo ni kali mno. Huondoa nta yote. Usikubali gari lipanguswe kwa gunia wala kwa fulana iliyoanguka chini. Ukiwa Pwani, mwambie kijana aoshe hata chini ya gari na ndani ya matao ya magurudumu, kwa maji safi, maana huko ndiko chumvi hujificha.

Pili ni kivuli, lakini chagua kivuli. Mwembe hudondosha utomvu, mjakaranda hudondosha maua yanayonata, na kila mti una ndege wake. Kunguru wa Kihindi wa Mombasa, ambao uzao wao uliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, hawachagui gari la tajiri wala la maskini. Ukikuta kinyesi, kilowanishe kwa maji hadi kilainike, ndipo ukiinue. Usikisugue kikiwa kikavu.

Tatu ni nta. Ile nzuri hutokana na majani ya mchikichi fulani wa Brazil uitwao karnauba, ambao hujipaka nta wenyewe ili jua la kwao lisiukaushe. Kopo moja hutosha gari dogo kwa muda mrefu. Haidumu, wiki kadhaa au miezi miwili mitatu, hasa kwa jua letu. Lakini unaweza kuipaka mwenyewe Jumamosi mchana kivulini, pamoja na watoto, na hakuna mtu wa kukudanganya.

Nne ni seramiki. Si uongo yenyewe. Uongo uko kwa baadhi ya wapakaji. Ikipakwa vizuri hushikamana na klia kwa miaka, hufanya uchafu using'ang'anie, na hupunguza ukali wa jua na kinyesi. Lakini haizuii kokoto, haizuii mkwaruzo wa ufunguo wa mtoto wa jirani, na huziba ndani yake kila mkwaruzo uliokuwapo. Gharama yake ni makumi ya maelfu ya shilingi. Uliza: gari litalala kwenu siku ngapi? Mtaling'arisha kwanza? Mtapima unene wa rangi kabla ya kuligusa? Kifaa cha kupimia ni kidogo kama simu. Fundi asiyekuwa nacho anafanya kazi kwa kupapasa.

Tano ni utando. Huu ni plastiki laini inayoona, ya aina ya poliyurethani, unaobandikwa juu ya rangi. Uzao wake ni vitani: ulianza kwa kukinga mapanga ya helikopta za Marekani wakati wa vita vya Vietnam, yasiharibiwe na mchanga. Unene wake ni kama karatasi mbili za daftari letu, yaani zaidi ya rangi yote ya gari. Huu ndio unaozuia kokoto. Ule mzuri ukikwaruzwa kidogo na kupigwa na jua, mkwaruzo hujifunga wenyewe. Gari zima hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi, lakini anayesafiri mara kwa mara katika barabara ya Mombasa anaweza kuvisha boneti, bampa ya mbele na vioo vya pembeni tu. Jihadhari na ule wa bei rahisi, ambao hugeuka manjano na kupasuka. Na kamwe usibandike juu ya rangi iliyopulizwa juzi. Rangi mpya huhitaji wiki kadhaa kukauka hadi ndani. Kama ilipulizwa vibaya, siku ya kuubandua utando itatoka nao.

La mwisho halipatikani dukani. Kama mlango uligongwa, sema uligongwa.

Ijumaa nilimfikisha binti yangu Kilifi kwa matatu. Tulivuka daraja la Nyali, tukapita Mtwapa, begi lake mapajani mwangu. Tulilipa karo. Malazi yalipungukiwa kiasi, nikaahidi kukopa chamani, na nimekwisha kulipa. Alipokuwa akiniaga langoni aliniambia, "Baba, nilidhani hutasema."

"Hata mimi," nikamjibu.

Nilirudi Nairobi kwa treni kutoka Miritini. Kwenye nyanda za Tsavo reli na barabara hukaribiana, na kutoka dirishani niliyaona malori yakipanda, na nyuma ya malori magari madogo yakimeta juani, kila moja likipokea kokoto zake. Nilikuwa nimepoteza mng'ao wa shilingi 35,000 na mlango wa shilingi 60,000. Hata hivyo, nilipojaribu kuhesabu hasara ile hadi Voi, nilijikuta nimesinzia.